Nilivyochagua mtaa wa kuishi Mtwara nikiwa na kazi ya mtandaoni ya usiku

Watu wakisikia nimehamia Mtwara na kazi yangu yote iko kwenye kompyuta, swali la kwanza ni kama nimepanga ufukweni. Nimepanga Ligula, jirani na hospitali. Kabla ya hapo nilizunguka manispaa karibu nzima, na kilichoniamulia ni saa ninazofanya kazi. Ufukwe na bei vilikuja baadaye.

Napokea simu za kliniki ya meno iliyoko upande wa mashariki wa Marekani. Mgonjwa anapiga namba ya kliniki, simu inaita kwangu, namtafutia siku ya kung'olewa jino au kusafishwa, yeye hana habari kwamba mimi niko kusini mwa Tanzania. Wanafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao. Kwetu hiyo ni saa kumi jioni mpaka saa sita usiku. Halafu Wamarekani wana mchezo wao wa kurudisha saa nyuma kila Novemba na kuisogeza mbele kila Machi, kwa hiyo katikati ya miezi hiyo naanza saa kumi na moja na kumaliza saa saba usiku. Sisi ambao jua letu halina mambo mengi tunabaki kuwafuata.

Kwa hiyo nahitaji kimya muda uleule ambao mitaa ya Pwani ndiyo inaamka: jua limepoa, muziki umefunguliwa, watoto wako uwanjani, mihogo iko kwenye kikaango. Na nikimaliza, nahitaji chakula na mtu wa kunipakia wakati mji umelala.

Dalali wangu hakuyauliza hayo. Aliposikia "kazi ya Wazungu" akawasha pikipiki moja kwa moja hadi Shangani.

Shangani ni pazuri, siwezi kubisha. Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza wanajenga bandari kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga ambao ulikufa mapema miaka ya 1950, na Shangani ndiko walikojitengea wenyewe. Mpaka leo viwanja ni vikubwa, barabara pana, miti mikubwa, na wenyeji bado wanakuita Uzunguni. Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa na baraza linalotazama maji. Kodi yake ilikuwa karibu mara mbili ya ninayolipa sasa, na nilipoguna dalali akanipa historia: enzi za gesi, kabla bomba la kwenda Dar halijakamilika mwaka 2015, nyumba kama hiyo hata kuiona usingeiona, kampuni zilikuwa zimeshazichukua. Nadhani baadhi ya wenye nyumba bado wanaota zile ndoto.

Nikaangalia bawaba za mlango. Zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zinamenyeka kwa kucha. Grili za dirisha vilevile. Fundi kompyuta mmoja wa mjini aliniambia kwamba laputopu za watu wanaokaa kando kabisa ya maji humfikia na matundu ya chaja yamefanya ukijani, kwa sababu chumvi inaingia na upepo na shaba haiipendi. Msimu wa kusi, ukifungua dirisha upate hewa, unaifungulia na chumvi. Ukifunga, unahitaji kiyoyozi, na kiyoyozi kinakula luku.

Hilo ningeweza kulivumilia. Lililonishinda ni usiku. Nilirudi peke yangu siku nyingine, mwendo wa saa sita, nikasimama barabarani kutafuta bajaji. Nilisikia mbwa wawili na mlinzi anayekohoa. Nyumba zimeachana mbali, geti limefungwa, jirani hakusikii hata ukipiga yowe. Kwa simu za wateja pale ni peponi; kwa mwanamke anayekaa peke yake na kutoka kazini saa saba usiku, sikupataka.

Upande wa Magomeni na Chikongola mambo yakageuka. Kodi nafuu, kila kitu mlangoni: samaki wa kukaanga, supu ya pweza, na msimu wake ukifika, ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye beseni. Hapa kipimo changu kilikuwa rahisi. Nilimwomba mama mwenye nyumba anikalishe kwenye kile chumba saa mbili usiku, nikavaa hedifoni za kazi, nikampigia rafiki yangu wa Mwanza. Hakunisalimia hata. "Uko kwenye harusi ya nani?" Nyuma yangu kulikuwa na singeli ya saluni, mpira wa redioni na mtoto anayekataa kuoga. Mama mwenye nyumba alicheka, akaniambia kwa uungwana kabisa, "Mwanangu, hapa na bado. Subiri watu watoke shamba, unyago uanze, utalala kwa zamu." Namshukuru. Dalali asingeniambia.

Chumba kile pia hakikuwa na dari. Mtu ukikipanga wakati wa kiangazi hilo hulioni. Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mvua ikishuka kwenye bati tupu hata wewe mwenyewe hujisikii, sembuse mgonjwa wa jino aliyeko Marekani. Tangu siku ile, nikiingia nyumba yoyote natazama juu kwanza. Siling bodi ni sehemu ya ofisi yangu.

Msangamkuu niliitoa haraka. Ng'ambo ile ina ufukwe mzuri kuliko wote ninaoufahamu karibu na mji, lakini unavuka kwa kivuko, na mimi siwezi kumwambia daktari wa meno kwamba nimekwama ng'ambo na kompyuta yake.

Mikindani ndiyo iliyoniumiza kuiacha. Iko kilomita kama kumi kutoka mjini, mji mkongwe uliobanwa kati ya ghuba na vilima, ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya kuingia bara mwaka 1866 na Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895. Nilionyeshwa vyumba viwili kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Ukuta mnene hivyo unazuia joto na kelele pamoja. Mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi. Unazuia na mtandao. Barazani simu ilikuwa na 4G imejaa, nikiingia chumba cha ndani inabaki alama moja inayokuja na kuondoka. Nilijaribu kila kona. Sehemu pekee iliyokubali ni dirishani, juu kidogo ya kichwa changu. Halafu giza likishaingia sana, usafiri wa kwenda mjini unakuwa wa kubahatisha.

Kuhusu mtandao wenyewe: nilipima kila nyumba jioni, zile saa ambazo kila mtu mtaani amerudi nyumbani na bando lake. Asubuhi mnara uleule unakudanganya. Na niliangalia zaidi kasi ya kupandisha kuliko ya kupakua, maana kwa simu na video sauti yako ndiyo inayokatika, wewe unamsikia mwenzako vizuri tu. Nina laini za mitandao miwili, moja kwenye ruta na nyingine kwenye simu. Lakini najua kikomo chake. Tarehe 12 Mei 2024, kabla sijahama Dar, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na laini zangu zote zikalegea pamoja. Laini mbili zinakukinga na mnara mbovu. Waya wa chini ya bahari ukikatika, unachoweza ni kumtumia bosi ujumbe mapema. Mwezi huohuo kimbunga Hidaya na mvua zilikuwa zimekata barabara ya Dar kwenda kusini, kwa hiyo waliokuwa Mtwara walikosa barabara, wakakosa na intaneti. Hilo nililiweka kichwani wakati nahama: betri na inveta nilikuja navyo, sikusubiri kuagiza.

Ligula nilipelekwa na dereva wa bajaji, dalali alikuwa ameshanikatia tamaa. Nilimweleza saa zangu akasema, "Dada, wewe kaa karibu na hospitali. Pale hapalali." Ni kweli. Saa saba usiku kuna bodaboda wanaosubiri wauguzi na ndugu wa wagonjwa, kuna taa, kuna mtu ana chai na chapati. Ukiingia ndani mitaa kidogo, kelele hakuna. Bahari iko mwendo wa miguu lakini si dirishani. Nyumba ina dari, luku ya peke yangu bila kuchangia na wapangaji wengine, na simtanki. Mama mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita; tukakubaliana mitatu, mimi nikabeba gharama ya kuweka nyavu mpya za mbu.

Jambo ambalo hakuna dalali atakutajia ni majirani kukusikia ukiongea Kiingereza peke yako mpaka usiku wa manane. Wiki ya kwanza tu mama mwenye nyumba alinijia na uso wa wasiwasi. "Mwanangu, unaongea na nani?" Nilimwonyesha kompyuta, kesho yake tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa nikajitambulisha na kueleza kazi yangu. Mzee yule swali lake lilikuwa moja, kama hiyo kliniki inang'oa jino bila ganzi. Sasa hivi nikipita wananiita Daktari, na kuna bibi mmoja ameshanifunulia mdomo barabarani mara kadhaa nimtazamie gego.

Kile chumba cha Mikindani hakikukaa bure. Nilimwambia rafiki yangu anayetafsiri nyaraka kwa ofisi moja ya Ujerumani. Saa za kwao ziko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, akiwahi jioni ameshafunga kompyuta, na kazi yake ni maandishi matupu, haihitaji sauti. Usafiri wa usiku haumhusu. Ameifunga ruta kwa kamba kwenye nondo za lile dirisha, na ananicheka kwa kulipa kodi kubwa kuliko yake niishi jirani na wodi.