Kadiri ya Mtupo wa Mshale

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii mwanangu, ambaye sasa ni kijana mzima, amenieleza jambo lililoninyima usingizi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa na masomo kuhamia kwenye kompyuta, alikuwa akijiunga na darasa asubuhi, anazima kamera, kisha anajifunika gubigubi hadi jioni. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku, napita mlangoni pake, naona mwanga wa kioo, na kumshukuru Mungu kwamba mtoto anasoma. Shule iliandika barua kuuliza kulikoni. Kwa kuwa lugha ya ugenini ilikuwa bado inanipiga chenga, nilimpa yeye mwenyewe anisomee, naye akaniambia kwamba walimu wanamsifu.

Nimemkumbuka Hajiri. Katika Mwanzo 21, mama yule Mmisri, mgeni asiye na pa kukimbilia, anaishiwa maji katika jangwa la Beer-sheba, anamweka mtoto chini ya kichaka, kisha anakwenda kuketi mbali kadiri ya mtupo wa mshale, kwa sababu hawezi kumtazama akifa. Hakuwa mama mbaya, alikuwa amechoka. Tazameni, mama ndiye anayepaza sauti na kulia, lakini Maandiko yanasema Mungu aliisikia sauti ya kijana, sauti ambayo kwa umbali ule huenda mama hakuisikia. Tena anaamriwa kwanza asimame, amwinue mtoto na kumshika mkono. Ni baada ya amri hiyo ndipo macho yake yanafumbuliwa akaona kisima.

Niruhusuni niseme kwa ukali kidogo. Kijana anapoacha kula, anapokesha na kulala mchana, anapoumwa kichwa kila mara bila sababu kujulikana, anapowakwepa hata rafiki zake, sisi wazazi wahamiaji humwita mvivu, kisha tunamsomea orodha ya yote tuliyoyaacha nyumbani ili yeye asome, kana kwamba alitukopa. Paulo anatuonya tusiwachokoze watoto wakakata tamaa, Wakolosai 3:21, lakini wengi wetu huishia aya ya 20, ile ya watoto kutii. Hata mimi, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipotangaza kwamba wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani wameathiriwa na kufungwa kwa shule, nilijiambia kwamba msiba wa wengi ni harusi, nikaenda kazini.

Basi tuombe shule itupatie mkalimani, asiwe mtoto wetu. Tumuulize kijana waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, maana swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, na akikubali tusimwache peke yake bali tumtafutie tabibu siku hiyo hiyo. Wala asiwepo wa kusema kwamba kwenda kwa mshauri nasaha ni upungufu wa imani. Maji ya kisima kile yalikuwa maji tu, na Mungu ndiye aliyeyaonyesha.

Jumatano nilimwomba mwanangu radhi. Alinijibu kwamba katika mwaka ule wote anaikumbuka kwa furaha siku moja, nilipokuwa sina zamu, nikaketi sakafuni chumbani mwake bila kumuuliza habari za masomo. Mimi siku hiyo siikumbuki kabisa.