Vidonge vya chunusi na swali mbele ya mama

Juzi mtoto wa dada alinifuata jikoni, akauliza bila hata kukaa: "Mamdogo, zile dawa za chunusi ulikuwa unameza ngapi kwa siku?" Hiyo "ngapi" ikanirudisha mbali.

Zangu zilikuwa za vinundu, zile zinazouma ukilalia shavu na kuacha mashimo. Doksisaiklini, ile antibiotiki, nilishameza, sabuni nilishamaliza, na krimu za Kariakoo zinazokung'arisha wiki mbili kisha uso unaumuka upya. Mama akasema basi, twende kwa daktari wa ngozi.

Daktari alinipandisha kwenye mizani kabla hajanitazama vizuri. Kilo 50. Akageuza karatasi, akaanza hesabu. Dawa yenyewe isotretinoini, vidonge vya chunusi sugu: nusu miligramu hadi moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na hadi mwisho wa tiba ifike jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo. Kwangu mimi, miligramu 6,000 kwa uchache.

"Ukimeza miligramu 20 kwa siku, miezi kumi. Ukimeza 40, mitano, ila zitakukausha. Dawa iko Marekani tangu 1982, na madaktari bado tunabishana kiasi gani ndicho bora."

Mama anauza khanga. Hesabu aliielewa kuliko mimi. "Sasa daktari, si jumla ni ileile? Mpe za miezi mitano tumalize."

"Tunaanza na chache, mama. Ukianza na nyingi, chunusi zinaweza kulipuka zaidi." Kisha, kwa sauti ileile: "Na kabla hajameza hata kimoja, nataka kipimo cha mimba."

Mama akakaza mtandio. "Daktari, huyu hajaolewa."

"Najua, mama."

"Yuko chuo."

"Dawa haiulizi hayo. Mimba ikiikuta dawa mwilini, mtoto anaweza kuharibika ubongo, moyo, masikio. Atapima kila mwezi, na akishaacha asishike mimba mwezi mzima."

Mama hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Nikahesabu vigae vya sakafu. Nikapewa kikopo, nikapita nacho koridoni nimekifunika kwa daftari, na watu wa foleni wote wakakiona. Majibu niliyajua tangu nyumbani. Yaliposomwa kuwa sina mimba, mama alimshukuru Mungu kwa sauti iliyoniudhi kuliko lile swali.

Tukaanza na 20, doksisaiklini ikapigwa marufuku, maana zikikutana zinaweza kupandisha presha ndani ya kichwa. Kidonge kilitaka chakula chenye mafuta ndipo mwili ukinyonye, kwa hiyo mama akawa ananipikia samaki wa nazi kana kwamba nimejifungua. Midomo ikapasuka, mafuta ya mgando yakawa hayatoki mkobani. Tulipopanda hadi 40 nikatokwa damu puani ndani ya daladala ya Mbagala, na kipimo cha damu kikaonyesha mafuta yamepanda. Tukarudi 20. Ile hesabu nzuri ya karatasini ikavurugika, lakini uso ukatulia.

Kiasi changu hasa kilikuwa kipi, sijui. Labda 40 ningeizoea, labda ningeacha njiani. Moja moja bado hujitokeza kidevuni. Mama yeye ana jibu lake: ni lile tui, na majirani wote wameshasikia. Kuhusu kikopo, hajawahi kumsimulia mtu.