Sekenke, kwa bibi

Juzi nilikuwa Sekenke, Iramba, kwa bibi mzaa mama. Jioni akanionyesha jiwe lake la kusagia. Limelika katikati hadi limekuwa kama bakuli. Limesaga mtama, likasaga na mawe ya dhahabu. Nililipapasa muda mrefu.

Dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoitumia kule Tabora mwaka 1916, vita vimewabana, kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo zinauzwa ghali kwenye minada ya Ulaya, na bibi yangu bado anachota maji korongoni. Inaniuma jamani. Watoto pale hawajawahi kuona hata picha ya sarafu hiyo! Nimemwachia bibi picha moja, ameibandika ukutani karibu na mlango.