Betri ya tatu

Mita yangu ya kupimia umeme inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibanda, hapa Mbagala Rangi Tatu. Ni ile ya njano ya bei chee, ncha yake nyekundu nimeifunga seloteipu, sababu kijana mmoja niliyekuwa namfundisha kazi alipima volti za betri huku waya ukiwa kwenye tundu la 10A, la kupimia ampia. Cheche ziliruka, ncha ikayeyuka, na yeye hakurudi tena. Mita hiyo imepima redio, sabufa, TV za chogo na chaja zisizo na idadi. Pikipiki yangu mwenyewe ilikuwa haijawahi kuipima. Kinyozi hajinyoi.

Pikipiki anaendesha mpwa wangu, bodaboda ya CC 150, jioni ananiletea hesabu. Wiki chache baada ya Idi akaanza kulalamika kwamba akibonyeza selfu inalia tik-tik halafu kimya, mpaka apige kiki huku abiria anamtazama. Nikatoa hela ya betri. Haikumaliza miezi miwili, nikatoa ya pili. Fundi wa kijiweni akasema rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, imekufa, ikabadilishwa, na betri ya tatu ikafungwa siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa natoa hela tu, kama mtu asiyejua umeme.

Juzi jioni kaja. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia marahaba na macho yangu yakaenda kwenye pikipiki. Imegoma tena Kizuiani, kasema, abiria kashuka kapanda ya mwenzake. Hapo ndipo nilipoona aibu. Nikamwambia aiache.

Usiku nikaichaji betri kwa mashine yangu ya mezani. Asubuhi, kabla ya yote, nikabadilisha betri ya mita yenyewe, ile ndogo ya 9V. Wengi hawajui hili: mita hizi za bei rahisi, betri yake ikichoka, hazionyeshi pungufu, zinaonyesha zaidi. Utasoma 14 ukafurahi, kumbe ni 12 na kitu. Ukiona namba nzuri kuliko ulivyotegemea, ishuku mita kwanza.

Betri ya pikipiki, saa mbili baada ya kuchomolewa kwenye chaji: volti 12.6. Nzima. Tukawasha. Ikiunguruma taratibu haikupanda. Nikamwambia dogo apige resi: 12.8, ikagoma hapo. Akawasha taa kubwa, ikashuka mpaka 12.4. Pikipiki inayochaji vizuri, ukipiga resi, inatakiwa ikupe 13.5 hadi 14.5 kwenye vichwa vya betri. Kwa hiyo betri zote tatu hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinalishwa nusu tumbo kila siku, na betri ya asidi ikikaa na njaa muda mrefu, sahani zake zinaota ukoko mweupe na haipokei tena. Mbili za mwanzo nimeshawauzia watu wa vyuma chakavu, tuyaache hayo.

Fundi wa kijiweni alikuwa amesimama pembeni, kahawa mkononi. "Koili hiyo, mzee. Nakuletea leo leo."

Nikachomoa soketi ya koili, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Nikageuza mita kwenye AC 200, ncha moja kwenye kila waya wa njano. Taratibu 18, kwa resi 46, inapanda bila kusitasita. Nikazima injini, nikapima ukinzani: omu 0.9. Ukigusanisha ncha za mita zenyewe inasoma 0.4, kwa hiyo koili ni 0.5, safi. Waya wa njano kwenda bodi, chuma chenyewe cha pikipiki: mita ikabaki na ile 1 yake ya pembeni, maana yake hakuna njia, umeme hauvuji. (Zipo pikipiki ambazo upande mmoja wa koili umefungwa kwenye bodi tangu kiwandani. Hizo ukizipima hivi utahukumu koili isiyo na hatia.) Fundi akanywa kahawa yake, hakusema kitu.

Nikarudisha soketi, tukawasha, nikapima rektifaya pale pale ilipo: ncha nyekundu kwenye waya wake wa kutoa, nyeusi kwenye waya wake wa ethi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Resi. 14.4.

Nikakaa kwenye ndoo. Rektifaya inatoa 14.4, betri inapata 12.8, na kati yao hakuna hata mita moja ya waya. Kwenye redio ningejua mara moja. Volti hazipotei, zimekaa mahali, na mahali hapo unaweza kupagusa. Injini ikiwa kwenye resi, nikapima upande wa chanya, kutoka rektifaya mpaka kichwa cha betri: 0.1. Halali. Upande wa hasi, ncha nyekundu kwenye hasi ya betri, nyeusi kwenye ethi ya rektifaya: 1.5.

Volti moja na nusu, kwenye njia ambayo kila mtu anaiona ni chuma tupu.

Spana namba 10. Nikafungua bolti inayoshika waya wa ethi kwenye fremu. Chini ya ile pete ya waya kulikuwa na bluu inayong'aa, nzuri, haina hata mkwaruzo.

"Rangi hii ulipiga lini?"

"Si kabla ya Idi, mjomba. Wewe mwenyewe ulisema imependeza."

Kweli nilisema. Mpiga rangi alifungua kila kitu, akapuliza fremu yote, kisha akarudishia waya juu ya rangi. Umeme ukawa unapenya kwenye meno ya bolti tu, kwa shida. Na rektifaya, hata ile mpya, inajipima yenyewe: inaangalia volti kati ya waya wake wa kutoa na ethi yake, inaona 14.4, inaridhika na kuzuia zisizidi. Haijui kwamba betri haizioni.

Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, pete ya waya pia, nikakaza. Kwenye ile njia ya hasi mita ikasoma 0.05. Kwenye betri, kwa resi, 14.2. Taa ikiwaka, 13.9. Dogo akabonyeza selfu mara tano mfululizo bila sababu.

Fundi wa kijiweni akauliza mita kama hii inauzwaje Kariakoo. Nikamwambia yangu nilinunua elfu kumi na tano, na asisahau kuangalia waya uko tundu gani.

Nilipokuwa nafuta mikono, mpwa wangu kainama pale kwenye bolti, anapatazama kama kidonda. Chuma cheupe kimeonekana kidogo pembeni ya bluu yake. "Mjomba, hapa si patashika kutu? Rangi kidogo nimebakisha nyumbani."

Nikampa kopo la grisi.