Fomu aliijaza nani?

Nyote mnaonisimamisha pale soko la Mwaloni, Mwanza, kuniuliza lori langu, ile Canter ya bluu, limerudije barabarani baada ya ajali, nawaandikia hapa mara moja. Nimechoka kusimulia huku wateja wanasubiri kupimiwa dagaa.

Gari lilianguka mwezi wa nne, kati ya Usagara na Misungwi. Wenye biashara hii wanajua: mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, tunakaa siku kadhaa tunapiga miayo, halafu giza likirudi mzigo unamwagika kutoka visiwani na kila mtu anakimbizana. Nilikuwa nimejaza magunia ya kwenda Shinyanga na Kahama. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ng'ombe wakakatiza barabara, dereva akawakwepa, gari likalala ubavu mtaroni. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko tu, namshukuru Mungu. Dagaa nao sitawaambia walikwenda wapi. Wanakijiji wa pale wanajua mboga yao wiki ile ilikuwa nini.

Sikulia sana, maana nilikuwa na bima kubwa. Si ile ndogo ya kukidhi macho ya trafiki, kubwa kabisa, nimelipa kwa mkupuo. Nikafuatilia ripoti ya polisi na ya mkaguzi wa magari, mthamini wa kampuni akaja na kamera yake, fundi akaandika makadirio: milioni 11 na laki 4. Nikakaa kusubiri.

Baada ya miezi miwili ikaja barua ya ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu. Mdogo wangu anayefundisha sekondari akanisomea taratibu, kama anayetoa habari ya msiba. Gari lilikatiwa bima kama gari la matumizi binafsi. Limepata ajali likiwa na mzigo wa biashara. Kwa hiyo nimeificha kampuni jambo la msingi, na hailipi hata senti tano.

Nimeficha! Gari linanuka dagaa kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa, nimelifichia wapi?

Nilikwenda ofisini kwao nikapaza sauti. Msichana wa mapokezi akanipa maji ya kunywa na kiti, akaniambia kwa upole, "Mama, uamuzi umetoka makao makuu." Nikanywa maji, nikaondoka. Ndiyo faida pekee niliyopata siku ile.

Kabla sijampata wakili wa kweli nilipata kishoka. Wapo, mnawajua, na faili kwapani na kalamu tatu mfukoni. Huyu alitaka laki mbili za kufungulia jalada, na fedha ikitoka achukue theluthi. Mpwa wangu akamwomba jina lake kamili, akalitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambamo mtu yeyote anaweza kuona kama fulani ni wakili na kama leseni yake ya mwaka iko hai. Jina halikuwemo. Tulipompigia akasema anatumia jina jingine kazini. Haya.

Wakili niliyempata ni kijana, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule, ngazi nyembamba kama za jahazi. Alinipa shikamoo, nikamwita mwanangu, tukaelewana. Ushauri wa siku ya kwanza ulikuwa elfu 50, na risiti akanipa bila kuombwa. Nikaanza kumweleza habari za mvua na ng'ombe. Akanisikiliza kidogo, akainua mkono.

"Mama, ng'ombe waache. Hata kampuni haibishani na ng'ombe. Ile fomu ya kuomba bima, aliijaza nani?"

Nikabaki namtazama. Katika kelele zangu zote sikuwa nimeifikiria fomu.

Fomu aliijaza yule kijana aliyeniuzia bima. Alinifuata mwenyewe Mwaloni, akakaa juu ya gunia langu, akaandikia gotini. Mimi nilikuwa na mteja kutoka Tabora, mkono mmoja kwenye mizani. Akauliza jina, namba ya gari, mwaka wa gari, nikawa najibu bila kugeuka. Kisha akasema, "Mama, sahihi hapa." Nikatia.

"Alikuwa wakala au dalali?"

Kwangu mimi dalali ni anayenadi samaki alfajiri, au anayekutembeza Nyegezi nzima kukuonyesha vyumba halafu anadai kodi ya mwezi. Kumbe kwenye bima tofauti hiyo ndiyo roho ya kesi. Dalali wa bima anahesabiwa kuwa mtu wako: wewe ndiye umemtuma akutafutie kampuni, kwa hiyo akikosea fomu, kosa linakurudia. Wakala ni mtu wa kampuni. Anachokiona na kuambiwa akiwa kwenye kazi ya kampuni, unaweza kujenga hoja kwamba kampuni imekiona na kuambiwa. Wakili aligeuza kava noti yangu, ile karatasi fupi ya kuonyesha nina bima, huku na huku, akaonyesha kwa kidole palipoandikwa jina la wakala na namba yake, na risiti iliyotoka kwa jina la kampuni yenyewe. "Huyu ni wao," akasema.

Nikafurahi, akanikata maini palepale. Sahihi ni ya nani? Yangu. Ada ya gari la biashara huwa juu kuliko ya gari binafsi. Sikushangaa mbona nimepata rahisi? Nikakumbuka, na nawaambia ukweli hapa kwa kuwa hamtaniona usoni: yule kijana alisema, "Nitakuwekea ile nafuu, mama." Nami nikajibu asante. Sikuuliza nafuu ya nini. Mimi niliye kwenye biashara miaka ishirini, ninayejua kopo la sado lenye kitako cha uongo kwa kuligusa tu, nilinunua karatasi nisiyoisoma kwa kuwa bei yake ilikuwa tamu.

"Hilo watalisema," wakili akaniambia, "na wakilisema watakuwa na haki kidogo. Sasa tafuta kitu kinachoonyesha wakala alijua gari linafanya kazi gani."

Usiku nikapekua simu. Wakala alikuwa ameniomba picha ya gari kwa WhatsApp. Nilimtumia niliyokuwa nayo: Canter imejaa magunia hadi juu, vijana wawili wamekaa kileleni, na chini yake nimeandika, "hili ndilo linalopeleka dagaa Shinyanga". Akajibu kwa kidole gumba.

Wakili alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mkali: nisifute kitu, nisibadilishe simu, nisiipeleke kwa fundi hata ikipasuka kioo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi, lakini lazima uweze kuonyesha umetoka wapi na kwamba haujachezewa. Tukatoa nakala zenye tarehe, nikaandaliwa kiapo, nikala yamini. Simu yenyewe nikaifunga kwenye kanga nikatumia kitochi miezi mitatu.

Akasoma pia mkataba mzima, ambao ilibidi tuuombe kampuni kwa barua, maana mimi nilipewa stika na kava noti tu. Kwa ajili ya kudai haki ya mkataba, sheria ya ukomo, yaani ya muda wa mwisho wa kufungua kesi, inatoa miaka 6, ila ndani ya mkataba wangu kampuni ilijiwekea kifungu kinachombana mteja aliyekataliwa achukue hatua mapema zaidi. Kumbe wakati napaza sauti kwa msichana wa mapokezi, saa ilikuwa inakwenda.

Hatukukimbilia mahakamani. Aliandika notisi ya kurasa mbili, nakala ikaenda ofisi ya Kanda ya Ziwa ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ikieleza kwamba wasipojibu tutakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mlalamikaji hatozwi ada, na mahakama itafuata baadaye ikibidi. Niliisoma mara nne. Haikuwa na tusi hata moja, na hilo lilinisikitisha kidogo.

Wiki ya tatu wakaita kikao. Wakakubali kulipa, wakikata tofauti ya ada ambayo ningelipa tangu mwanzo kwa gari la biashara, laki 6 na elfu 20, pamoja na asilimia 10 ambayo mkataba unasema mwenye gari anaibeba mwenyewe. Ikabaki milioni 9 na laki 6 na elfu 40. Nilitaka kubishia ile laki 6. Wakili akanitazama tu, nikanyamaza. Dagaa hawakulipwa, bima ya gari haibebi mzigo, mzigo una bima yake, na hiyo sikuwa nayo kabisa. Wakili mwenyewe alichukua laki 9 kwa awamu mbili, na kabla sijasaini hati ya kupokea malipo aliisoma neno kwa neno, kwa sababu ukishaisaini huna dai tena.

Gari linatembea. Mlango wa kushoto haufungi sawasawa, tunaufunga kwa kamba ya nyavu mpaka fundi apate kitasa.

Yule wakala bado anapita Mwaloni. Juzi alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, akauliza sado ya dagaa wa kukaanga ni shilingi ngapi. Nikamtajia. "Mama, niwekee ile nafuu," akasema. Dereva wangu alikuwa juu ya magunia, nusura aanguke kwa kucheka.