Kuhamia Costa del Sol: fundo liko kwenye mkataba wa nyumba

Wengi wanaohamia Costa del Sol, ule mwambao wa Málaga kusini mwa Uhispania, huhangaikia viza miezi na miezi, kisha wakifika wanakwama kwenye nyumba. Karatasi za huko zinategemeana. Bila nyumba huandikishwi padrón, yaani daftari la wakazi la halmashauri ya mji. Bila padrón, ombi la TIE, ile kadi ya ukaazi, linakuwa gumu. Na TIE unatakiwa uiombe ndani ya mwezi mmoja tangu uingie nchini. Basi panga safari nzima kwa kuuangalia mwezi huo.

Viza kwanza, kwa ufupi. Wanaokwenda kupumzika kwa pensheni au kodi za nyumba zao huomba ile ya no lucrativa, yaani ya kuishi bila kufanya kazi. Kwa IPREM, kipimo cha kipato cha serikali ya huko, cha euro 600 kwa mwezi, kilichotumika tangu 2023, unaonyesha euro 28,800 kwa mwaka, na 7,200 zaidi kwa kila mwanafamilia. Hairuhusu kazi yoyote, hata ile ya kompyuta ukiwa sebuleni. Anayefanya kazi kwa mtandao na kampuni ya nje ya Uhispania ana viza yake, na kipato kinachotakiwa ni mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa huko. Mwanafunzi huonyesha euro 600 kwa mwezi na anaweza kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki. Ile viza ya kununua nyumba ilifutwa Aprili 2025. Dalali akikuuzia habari hiyo leo, mwache aendelee peke yake.

Nyaraka za nyumbani (cheti cha polisi, cha ndoa, cha kuzaliwa) zinathibitishwa kwanza, ndipo zitafsiriwe. Rwanda na Burundi zimo kwenye mkataba wa apostille, kwa hiyo muhuri mmoja unatosha. Kama nchi yako haimo, hati hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa Uhispania. Ukitanguliza tafsiri, mihuri itakayogongwa baadaye haitakuwa imetafsiriwa, na utalipa mara mbili. Mtafsiri awe mwenye kiapo, anayetambuliwa na serikali ya Uhispania. Panapowezekana chukua hati kwa Kiingereza, maana wa kuitoa Kiingereza kwenda Kihispania ni wengi kuliko wa Kiswahili.

Sasa nyumba. Mwenye nyumba wa pwani anahesabu kwa msimu. Julai na Agosti anapangisha watalii kwa wiki na kupata pesa nyingi. Septemba au Oktoba hadi Juni anatafuta mpangaji wa kulinda nyumba isikae tupu. Mkataba huo unaitwa de temporada, yaani wa msimu. Bei yake inavutia, lakini Juni unatolewa, tena wakati hakuna nyumba nyingine. Unaoutaka ni wa vivienda habitual, makazi ya kudumu: mwenye nyumba akiwa mtu binafsi una haki ya kukaa hadi miaka 5, ikiwa kampuni ni 7, na wewe unaweza kuondoka baada ya miezi 6 kwa notisi ya siku 30. Usidanganywe na mkataba wa miezi 11. Sheria inaangalia unakaa kwa ajili gani, haiangalii idadi ya miezi tu.

Kwa makazi ya kudumu amana ya kisheria ni kodi ya mwezi 1. Mwenye nyumba anaweza kuongeza dhamana ya hadi miezi 2, lakini haruhusiwi kukulazimisha kulipa kodi ya mbele zaidi ya mwezi mmoja. Ada ya wakala, tangu sheria ya makazi ya 2023, ni juu ya mwenye nyumba. Hayo ni maandishi. Mtaani mgeni asiye na hati ya mshahara ya Uhispania hukataliwa na bima ya kodi, ile inayomlipa mwenye nyumba mpangaji asipolipa, na hapo ndipo anapoombwa kodi ya mwaka mzima mbele. Njia isiyoumiza ni kuanza na chumba kwa miezi miwili mitatu Torremolinos au Fuengirola, ambako treni ya C1 inafika Málaga na uwanja wa ndege (Marbella haifiki), huku ukitafuta nyumba kwa miguu. Kabla ya kulipa chumba, pata kwa maandishi kwamba mwenye nyumba atakusainia padrón. Na pesa haitumwi kwa picha, hata ziwe nzuri vipi.

Ukishapata cheti cha padrón, kamata miadi ya alama za vidole za TIE kwenye mtandao wa serikali. Miadi ni adimu, kwa hiyo jaribu vituo vyote vya mkoa unavyoruhusiwa kuchagua. Beba fomu EX-17, risiti ya ada ya fomu 790 namba 012, pasipoti yenye viza pamoja na nakala, na picha ya milimita 32 kwa 26. Picha ya pasipoti uliyotoka nayo nyumbani ni kubwa mno.

Jambo linalowashangaza watu wa Dar na Mombasa ni baridi ya ndani. Januari Málaga hupata nyuzi 17 mchana na 7 au 8 usiku, lakini nyumba ni vigae na kuta zisizozuia baridi, na nyingi hazina mfumo wa joto. Kagua nyumba mchana, uliza inaelekea wapi. Ya kusini hupata jua la kipupwe. Ya kaskazini ni ya bei rahisi kwa sababu ya kuvu nyeusi ukutani, kwa hiyo chungulia nyuma ya kabati. Jiko la gesi la kupashia joto, lenye mtungi wa kilo 12.5, lisiwashwe chumba kimefungwa wala usiku ukiwa umelala: moshi wake usioonekana unaua. Umeme nao una kikomo cha mkataba. Kikiwa kilowati 3.45, oveni, hita ya maji na kiyoyozi vikiwaka pamoja swichi inakatika. Kwa mkataba wenye bei za saa, ghali ni saa 4 asubuhi hadi 8 mchana na saa 12 jioni hadi 4 usiku. Kuanzia saa 6 usiku hadi 2 asubuhi, na wikendi nzima, ni nafuu.

Ukikaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka unakuwa mlipakodi wa huko. Nyumba ya Kigamboni au kiwanja cha Kitengela kikizidi euro 50,000 hutangazwa kwa fomu 720, ile ya mali zilizo nje ya Uhispania, kati ya Januari mosi na Machi 31.