Havikuonekana

Leo nimekuwa nikipunguza makaratasi kabatini, nikakutana na daftari langu la kwanza la maabara. Jalada limepauka na lina doa la zambarau la Giemsa, rangi ya kupaka slaidi za damu, ambayo ikishaingia haitoki. Ukurasa wa mwanzo nimeandika kwa herufi kubwa: USIANDIKE HAKUNA. ANDIKA HAVIKUONEKANA.

Mzee aliyenifundisha kusoma slaidi za malaria alinirudishia majibu mara tatu kwa ajili ya neno hilo moja. Nilimwona msumbufu. Slaidi ya tone nene la damu husomwa kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, na kabla ya kuipitisha kuwa haina vimelea unaisogeza taratibu hadi utazame sehemu 100. "Sasa ya 101 umeiona?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Maabara nilikaa miaka tisa. Kosa ninalolikumbuka zaidi ni la potasiamu. Mashine ilitoa namba ya kutisha, namba ya mtu ambaye moyo wake uko karibu kusimama, nami nikakimbilia simu kuiarifu wodi. Muuguzi akanijibu kwamba mgonjwa ameketi kitandani anapiga soga. Ndipo nikatazama mstari uliofuata kwenye majibu: kalsiamu ilikuwa karibu na sifuri. Mtu alikuwa ameijazia chupa ya kipimo hiki damu kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina EDTA, chumvi ya kuzuia damu isigande. Chumvi ile huleta potasiamu yake yenyewe na kuikamata kalsiamu yote. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, mstari mmoja chini, ila nilikuwa na haraka ya kuwa shujaa.

Baadaye nikahamia majaribio ya dawa. Huko nilikuta sheria za uandishi kali kuliko za maabara: ukikosea, unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi, tarehe na herufi za jina lako. Wino mweupe wa kufutia ni mwiko. Lakini kilichonitoa jasho ni kuomba ridhaa. Mama mmoja wa makamo alinisikiliza nikieleza kwamba nusu ya washiriki watapewa dawa mpya na nusu ile ya zamani, kwa bahati nasibu, na kwamba hata mimi sitajua nani kapata ipi. Akauliza, "Mwanangu, ipi ndiyo nzuri?" Nikamwambia hatujui bado, na tungekuwa tunajua isingekuwa halali kufanya jaribio. Akazitazama kurasa zilizokuwa mapajani mwangu. "Karatasi zote hizi, na hamjui?"

Alikubali kushiriki, lakini siku mbili baadaye. Nilifurahia zile siku mbili kuliko saini yenyewe. Kati ya 1932 na 1972, kule Tuskegee nchini Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakutibiwa. Anayeomba muda wa kufikiri hanichelewishi kazi.

Ualimu ulinijia kwa kubahatisha, mwenzangu alipougua katikati ya muhula. Sikuondoka tena. Mishahara tusiizungumze.

Nina kasha la slaidi za mazoezi ambazo nilizisoma mwenyewe zamani na kuzibandika vikaratasi. Wiki iliyopita kijana mmoja, wale wanaokaa nyuma na hawaulizi, alininong'oneza: "Mwalimu, samahani, hii namba 14 umeandika havikuonekana." Nikainama kwenye darubini yake. Pembeni kabisa palikuwa na pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu: kimelea cha malaria. Nikatafuta nyingine, nikaipata, kisha ya tatu.

Nikatoa kalamu. Mstari mmoja, tarehe, herufi za jina langu. Kijana alitaka kujua kwa nini nisibandike tu karatasi mpya.